Koti za baridi ku soko la joto: namna nguo za chagua zinageuzwa nguo nyepesi za kiangazi

Mvua ikikatika, wakaaji wa Uvira, Kalemie na Kindu wanatafuta kitu kimoja ku soko: nguo nyepesi. Kanzu ya pamba isiyobana, kapitula ya mtoto, shimizi ya mikono mifupi. Balo zinapofunguliwa asubuhi, hizo ndizo zinaisha mbele, tena kwa bei ya juu. Kinachobaki chini ku bashi hadi jioni ni koti nzito, sweta za sufu, jinzi za wanaume wanene, mashuka, rido za dirisha na shimizi kubwa kubwa za mikono mirefu. Muuzaji anapunguza bei, anapunguza tena, na zingine zinaishia mferejini.

Sababu inajulikana. Nguo za chagua zinakusanywa Ulaya, Marekani na inchi zingine za baridi, na watu wa kule wanatoa kabatini kile walichovaa kule. Balo inafungwa, inauzwa kwa kilo, inapita bandari na mipaka mingi, na mama anayeinunua Bukavu ao Goma hajui kilicho ndani mpaka anapokata kamba. Akikuta koti nusu ya balo, hakuna mtu wa kumrudishia feza. Tangu tarehe 1 Januari 2025, inchi za Umoja wa Ulaya zinapaswa kukusanya nguo kuukuu mbali na takataka zingine. Huenda basi vitu vya kuchagua vikaongezeka, lakini hakuna kinachosema vitakuwa vizuri zaidi.

Mafundi wengi wa kushona wameelewa jambo moja ambalo wanunuzi wengi bado: nguo ambayo haivaliki inaweza kuwa kitambaa kizuri. Kwa jamaa yenye watoto watano, wakati uniforme za mwezi wa tisa zinakaribia, tofauti hiyo ni feza. Lakini si kila nguo inafaa, na hapo ndipo watu wanapoteza.

Kitambaa kwanza, muundo nyuma

Kosa la kawaida ni kuchagua kwa macho: rangi nzuri, maua mazuri, halafu kanzu inashonwa na mwenye kuivaa anatoka jasho sawa ako ndani ya mfuko wa plastiki. Na ni kweli, kwa sehemu, ako ndani ya plastiki. Polyester inatengenezwa kutoka petroli. Hainyonyi jasho, inaliacha ku ngozi. Pamba na kitani vinanyonya jasho na kuliacha likauke, njo maana vinafaa kwa jua. Viscose pia ni nyepesi na inanyonya, ingawa ikilowa inadhoofika, basi isifuliwe kwa nguvu.

Njia rahisi ya kujua ni kusoma karatasi ndogo iliyoshonwa ndani, ku kola ao ubavuni. "Coton", "cotton" na "Baumwolle" ni neno moja: pamba. "Lin" na "linen" ni kitani. "Laine", "wool" na "Wolle" ni sufu. Ikiandikwa asilimia 60 pamba na 40 polyester, nguo bado inavumilika. Ikiwa polyester ni yote, afadhali uiache kwa kazi ingine.

Mara nyingi karatasi hiyo imekatwa. Kuna jaribio la moto ambalo mafundi wanalijua. Chomoa nyuzi chache ndani ya mshono, zishike na koleo ndogo, nje ya nyumba, juu ya beseni la maji, mbali na watoto, halafu uwashe. Pamba inawaka sawa karatasi, inanuka karatasi, na majivu yake ni laini. Sufu inanuka nywele zilizoungua na moto wake unazimika wenyewe. Polyester inayeyuka na kujikunja, na mwisho inabaki punje ngumu nyeusi. Punje hiyo usiiguse ikiwa bado ya moto, inashika ku ngozi. Ukiona majivu na punje pamoja, ni mchanganyiko.

Kama muuzaji hakubali mambo ya kiberiti mbele ya bidhaa zake, na ana haki, tumia tone la maji. Pamba iliyovaliwa sana inalinywa mara moja. Polyester nyingi inaliacha likae juu kidogo kabla ya kuingia ao kuteleza.

Jambo la pili la kuangalia ni uchovu wa kitambaa. Inua nguo mbele ya jua. Mahali mwanga unapita sana kuliko pengine, kitambaa kimeisha: viwiko, kola, katikati ya mapaja. Kipande hicho kitapasuka kabla kiangazi hakijaisha, hata kama mshono ni mzuri. Mgongo wa shimizi, kinyume chake, karibu kila mara ni mzima. Na nguo ya chagua ina faida moja ambayo kitambaa kipya hakina: imekwisha kufuliwa mara nyingi. Haitapunguka tena, na rangi iliyokuwa ya kutoka imekwisha kutoka.

Shimizi ya baba, kanzu ya mtoto

Mfano unaofaa zaidi kwa mtu anayeanza ni shimizi ya mwanaume ya mikono mirefu. Ni kitambaa kingi, mara nyingi pamba, na watu hawaipendi juu ya kola iliyochakaa. Kutoka shimizi moja kubwa unapata kanzu ya msichana wa miaka 4 ao 5, bila kugusa upindo wa chini, juu upindo huo tayari uko.

Funga vifungo vyote, tandaza shimizi juu ya meza, kata mstari mmoja ulionyooka chini ya makwapa, toka upande huu hadi upande mwingine. Sehemu ya chini njo kanzu. Sehemu ya juu, yenye kola na mikono, weka pembeni, usitupe. Kama mstari unapita katikati ya mfuko wa kifua, fumua mfuko huo kwanza, taratibu, utaushona tena chini zaidi.

Hapa kuna kitu ambacho wanaoanza wanasahau. Mbele kuna vifungo, ni kusema kitambaa kimefunguka pale. Shona ile sehemu ya juu ya mstari wa vifungo, santimetre 5 hivi, ili isifunguke tena. Halafu kunja ukingo wa juu santimetre 2, shona, acha tundu dogo, na upitishe lastiki. Urefu wa lastiki ni kipimo cha kifua cha mtoto ukitoa santimetre 3. Ikibana sana inaacha alama ku ngozi, ikilegea kanzu inashuka. Kamba za mabegani zinatoka ku mikono ya shimizi: kata vipande vya upana wa santimetre 5, kunja mara mbili, shona ukingoni. Fundi mwenye mashine ya miguu anaimaliza kwa muda usiopita saa moja na nusu. Kwa sindano ya mkono ni kazi ya siku moja, lakini inawezekana.

Kwa mtu mkubwa, kitu bora ku soko si nguo kabisa, ni shuka. Shuka ya Ulaya ya kitanda kikubwa, yenye metre 2.40 kwa 3, ina kitambaa kingi kuliko kikwembe kizima cha yadi 6, ambacho upana wake ni karibu metre 1 na santimetre 15. Yeyote anaweza kupiga hesabu. Na shuka nyingi za zamani ni pamba tupu. Unatoa kanzu mbili pana za mama, na vipande vya shimizi ya mtoto vinabaki. Kata kando kando, epuka katikati ya shuka mahali watu walilala miaka, pale kitambaa ni chembamba. Rido za dirisha ni hadithi ingine: zinapendeza sana, lakini nyingi ni polyester. Tone la maji kwanza.

Jinzi inapaswa kuheshimiwa. Haivaliwi na raha Uvira saa sita ya mchana, lakini ikikatwa juu ya goti inakuwa kapitula ya nguvu. Mwenyewe aivae kabla ya kukata, atie alama akiwa amesimama, halafu aongeze santimetre 4 za upindo. Nyuma ikatwe santimetre 1 ao 2 chini kuliko mbele, la sivyo kapitula inapanda nyuma mtu akitembea. Sindano namba 80 inayotumika kwa shimizi itavunjika ku mishono ya jinzi. Namba 100 njo yake, na pale mishono inapokutana, fundi azungushe gurudumu kwa mkono.

Miguu ya jinzi iliyobaki ni mifuko ya soko. Mguu mmoja, shona chini, tia mishikio miwili, basi. Tangu amri ya serkali ya Desemba 2017, mifuko ya plastiki imekatazwa inchini, kutengenezwa, kuingizwa na kuuzishwa. Kila mtu anaona kama bado iko kila mahali, lakini mfuko wa jinzi unabeba kilo za unga ambazo ule wa plastiki hauwezi kubeba hadi nyumbani.

Ambazo hazifai kukatwa

Koti la sufu lisikatwe. Fundi anayelifanya kiboko cha mkono mfupi anapoteza masaa na anapata nguo inayowasha ngozi. Kiangazi cha Kalemie si kiangazi cha Minembwe. Ku milima ya Masisi, Lubero na Itombwe usiku wa mwezi wa saba ni baridi kali, na koti lisilotakiwa ku ziwa linatafutwa kule. Wauzaji wenye akili wanakusanya koti na sweta na kuzipeleka juu, kama barabara inaruhusu. Shida ni kwamba mara nyingi hairuhusu, juu ya vita na vizuizi vya njiani vinavyokula faida yote. Lakini wazo ni sahihi: nguo hiyo haina ubaya, imefika tu mahali si pake.

Nguo zenye mpira ndani, zile za michezo zinazovutika sana, pia ziachwe na wanaoanza. Mashine ya kawaida inaruka mishono juu yake, na uzi unakatika mtu akivuta.

Kufua kabla ya makasi

Wengi wanakata kwanza na kufua nyuma. Afadhali kinyume. Fundi anashika kitambaa hicho masaa mengi, na harufu kali ya balo, ya dawa na ya kufungiwa, inamuingia kifuani. Loweka usiku mmoja na sabuni, sugua, suuza mara mbili, anika ku jua kali.

Kuna sababu ya afya pia. Wadudu wa upele wanaweza kukaa siku chache ku nguo. Maji ya moto yanawaua, na kama nguo haivumilii maji ya moto, ifunge ndani ya mfuko juma moja kabla ya kuifua. Halafu kuna inzi anayetaga mayai ku nguo mbichi zilizoanikwa kivulini ao zilizotandazwa chini, na mtoto anapovaa, funza wake anaingia ngozini na kufanya jipu. Wamama wa zamani walipiga pasi hata nguo za ndani, mishono na yote. Walikuwa na haki, pasi ya moto inaua mayai hayo. Kwa yule asiye na makala ya kuchoma kila siku, kuanika ku kamba, juani, mpaka nguo ikauke kabisa, inasaidia sana.

Tena, kitu cha kusema waziwazi. Kivu ya Kusini iliona aina mpya ya mpox ikianzia Kamituga mwaka 2023, na ugonjwa huo unapita kwa kugusana, lakini pia kwa mashuka na nguo alizotumia mgonjwa. Basi nguo za mtu aliyekuwa na vipele zisiingie kwa fundi kabla hazijafuliwa peke yake, kwa maji ya moto na sabuni, bila kuzikung'uta.

Hesabu inayoleta ugomvi

Mteja anafika kwa fundi na shimizi mbili za bei ndogo, anataka kanzu, na anaposikia bei ya kazi anakasirika: "Nguo yenyewe haifiki bei hiyo!" Ugomvi huo uko kila soko. Lakini fundi hauzishi nguo, anauzisha masaa. Na kugeuza nguo kuukuu kunachukua muda kuliko kushona mpya. Kitambaa kipya unatandaza, unapima, unakata. Nguo ya chagua lazima ifumuliwe, ifuliwe, ipigwe pasi, na vipande vitafutwe namna ya kukwepa madoa na matundu.

Tuseme shimizi imenunuliwa franka 3 000, uzi na lastiki 1 000, na fundi anahesabu saa yake 2 000. Kazi ya saa moja na nusu ni 3 000. Kanzu ya mtoto imekuwa 7 000. Bei zinabadilika toka muji hadi muji, lakini umbo la hesabu ni hilo, na linaonyesha mahali pa kupunguza. Si ku kazi ya fundi. Ni ku kitambaa na ku muda: mwenye nguo afumue na kufua mwenyewe nyumbani, alete vipande safi vilivyonyooshwa, na aombe kanzu tatu za muundo mmoja pamoja. Fundi anayekata tatu kwa mara moja anaweza kushuka bei bila kujiumiza. Jirani wawili wakiungana, ni vizuri zaidi.

Na kama kitambaa tayari kiko kabatini, ile 3 000 haipo kabisa. Nyumba nyingi zina koba la nguo za marehemu babu, hata abacost za wakati wa Mobutu, zile za miaka ya 1970 alipokataza kostimu na kravati. Familia zingine haziwezi kukubali zikatwe, na hiyo inaeleweka.

Kinachobaki kinaenda wapi

Bukavu wanajua swali hilo. Takataka zinazotupwa milimani zinashuka na mvua hadi ziwa Kivu, maji yanazivuta hadi bwawa la Ruzizi, zinaziba mitambo, na umeme unakatika. Watu wanafikiri ni chupa tu. Nguo ya polyester ni plastiki vilevile, haiozi, na mferejini inafuata njia ileile. Pamba inaoza, lakini kabla ya kuoza inaziba. Njo maana vipande vidogo vya mwisho visitupwe: vinajaza mito na magodoro ya watoto, vinafuta meza, vinashonwa pamoja kuwa mazulia. Kuvichoma pamoja na polyester katika kiwanja ni kuvuta moshi mbaya.

Kuna wanaosema dawa ni kukataza chagua kabisa. Rwanda ilijaribu kwa njia ya kodi: mwaka 2016 ushuru ulipanda toka senti 20 za dola hadi dola 2 na nusu kwa kilo. Marekani ilikasirika na mwaka 2018 ikaondolea nguo za Rwanda nafasi ya kuingia kwake bila ushuru. Kwa upande wa Goma na Bukavu, matokeo yalikuwa mengine: balo zikawa bidhaa ya kuvushwa mpakani kwa kificho. Kongo haina kitu cha kuweka mahali pake leo. Filtisaf ya Kalemie, iliyokuwa ikifuma vitambaa palepale ku ziwa, haifanyi kazi tena, na Sotexki ya Kisangani imedhoofika sana. Kukataza bila kiwanda ni kuwanyima wamama wa soko kazi, na watu kubaki na nguo gani? Kugeuza nguo hakujengi kiwanda, ni kweli, lakini kunafundisha mikono kukata na kushona, na kiwanda chochote kitakachokuja kitahitaji mikono hiyo.

Kwa wale watakaoanza kiangazi hiki, shimizi nyeupe za wanaume msizimalize zote kwa kanzu. Uniforme ya shule inchini ni nyeupe na bluu, na shimizi nyeupe isiyo na madoa, ikipunguzwa mabegani na mikononi, inakuwa ya mwanafunzi. Mgongo unatosha kutoa sehemu za mbele za mtoto wa miaka 7, kola inafumuliwa na kugeuzwa ndani nje. Kola hiyo inataka fundi, si mtu anayeanza. Mafundi wanajaa kazi mwezi wa nane, wengine wanakataa wateja kabisa ku juma la mwisho. Anayepeleka shimizi zake mwezi wa saba atapata nafasi, na muda wa kurudisha kama haikai vizuri.